Mvua Iliyokataliwa na Kompyuta

Tangu Bwana Harusi aletwe ofisini kwetu, sisi wengine tumekuwa wapambe. Bwana Harusi ni programu ndani ya kompyuta, na jina hilo tulimpa siku Mkurugenzi alipoamuru kiyoyozi cha chumba chetu king'olewe kikafungwe kwenye chumba cha kompyuta hiyo, kwa sababu bwana huyo akipata joto anaharibika. Sisi tukipata joto tunafungua dirisha. Alitandikiwa zulia, akatundikiwa pazia, na mlangoni pakawekwa kibao cha kuwaomba watu wavue viatu.

Sina chuki naye. Kazi anaijua. Mzee, modeli yetu ya zamani, hutabiri hali ya hewa kwa kupiga hesabu za upepo, joto na unyevu, hatua kwa hatua, na huchukua nusu siku kupata jibu. Bwana Harusi hana habari na hesabu hizo. Alisomeshwa rekodi zetu zote za miaka ya nyuma, akajifunza mwenyewe siku ya namna hii hufuatwa na siku ya namna gani, na jibu lake hutoka kabla chai haijapoa. Kwa siku za kawaida anampita Mzee na anatupita sisi tuliosomea. Nasema hivyo nisije nikaambiwa nina wivu, maana nimeshaambiwa.

Tatizo lake ni malezi. Ofisi ina kichujio, kiprogramu kidogo cha siku nyingi kinachokagua vipimo kutoka vituoni. Kipimo cha mvua kikizidi kiwango fulani, kichujio huamua kwamba kifaa kimeharibika na kukitupa kipimo hicho. Wazo si baya, vifaa huharibika kweli. Lakini mvua kubwa za kweli nazo zilitupwa humo humo, mwaka baada ya mwaka, na hakuna aliyejisumbua kuziokota. Kwa hiyo Bwana Harusi amekua akiamini kwamba mbingu zina adabu. Gharika hajawahi kuiona. Mwonyeshe wingu la kutisha namna gani, atakujibu manyunyu.

Niliyasema haya kikaoni. Mkurugenzi akanitazama kwa huruma, akasema kuna watu huogopa maendeleo. Wiki hiyo hiyo alipanda jukwaani kwenye semina ya mabadiliko ya tabianchi, akawaeleza watu kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa zitazidi kuwa kubwa. Ukumbi mzima ulimpigia makofi. Na mimi nilipiga, kwani alichosema kilikuwa kweli tupu.

Baadaye ikaja amri: mtabiri asiguse jibu la Bwana Harusi. Kazi ya mtabiri wa zamu ni kulinakili, kulitafutia sentensi nzuri, kuweka jina lake chini na kulituma redioni na mtandaoni. Jioni mtangazaji husoma taarifa na kumalizia kwa jina la mtabiri, ili wananchi wajue wa kumlaani.

Sasa, paa la mama yangu lilikuwa limekwisha, mabati yametoboka mpaka ukilala chali unaona nyota. Kaka yangu, ambaye ni fundi wa ujenzi na hakuna asilolijua duniani, alipanga kuezua Jumamosi, nyumba ilale wazi usiku mmoja, kisha aezeke Jumapili.

Alhamisi nilikuwa zamu. Kwa Jumamosi, Bwana Harusi alisema manyunyu. Lakini Mzee bado tulikuwa tumemwachia kona yake, na yeye huwa tunamwendesha mara nyingi, kila mara tukibadilisha kidogo hali ya kuanzia, kwa sababu hakuna mtu anayeijua hewa ya sasa hivi kwa uhakika wote. Majibu yake yalitawanyika kama kawaida. Ila karibu robo ya majibu hayo yalinifanya niweke kikombe chini: mvua ya kung'oa madaraja, Jumamosi alasiri, juu ya mtaa wa mama.

Nikaenda kwa Mkurugenzi kumwomba niongeze sentensi moja tu ya tahadhari. Aliuliza majibu mengine yanasemaje. Nikamwambia mvua ya kawaida. Akatabasamu, akasema basi kura zimeshapigwa. Nilimweleza kwamba utabiri si uchaguzi, na kwamba hatari ya namna hiyo, hata ikiwa robo, si ya kunyamaziwa. Yeye akanikumbusha kuwa Jumanne wanakuja wageni kupima usahihi wa Bwana Harusi, na akatia neno kuhusu watumishi wanaotaka kumwaga unga kwa hiari yao. Nilirudi mezani nikaandika: manyunyu ya hapa na pale. Nikaweka jina langu, nikatuma.

Kisha nikampigia kaka.

"Kaka, msiezue Jumamosi. Subirini wiki ijayo."

"Kwa nini?"

"Inaweza kunyesha mvua kubwa sana."

Nikamsikia anabonyeza simu yake. Akanisomea taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, manyunyu ya hapa na pale, mpaka akafika kwenye jina langu, akalitamka pamoja na la baba.

"Sasa mdogo wangu," akasema, "nimsikilize nani? Wewe au wewe?"

Nilijaribu kumweleza habari za kichujio na Mzee na ile robo. Alicheka mpaka nikaondoa simu sikioni.

Ijumaa nilikwenda kwa mama mwenyewe. Nilimkuta sebuleni anakunja nguo, redio iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kama kawaida. Nikamsihi asikubali kuezuliwa. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula, akasema mambo yameshapangwa, nisijitie presha bure. Nikajua kaka ameshamjaza maneno. Niliazima turubai kwa jirani, nikaliburuta hadi uani, na kaka alipokuja kupima mbao akawaita mafundi wenzake waje wamwone mtaalamu wa manyunyu na turubai lake.

Jumamosi alasiri, mabati yote yakiwa chini, manyunyu yangu yakaja. Manyunyu yalilichukua turubai kwa mkupuo mmoja yakalitupa mtaa wa pili. Manyunyu yaliloweka dari, na dari ikaangukia kitanda. Manyunyu yalipiga hapa, yakapiga na pale, kama nilivyoandika, na kati ya hapa na pale hayakuacha nafasi. Mama tulimtoa kwa kumshika mikono huku na huku, maji yakitufika magotini, kaka amejifunika beseni kichwani. Hakuna aliyecheka.

Jumapili tulianika godoro kwenye ukuta. Lilikuwa zito kama maiti na mimi nilikuwa na hasira nalo, na mabati, na zaidi ya yote na kaka. Nikamwanza. Nikamwambia amemponza mama kwa kichwa chake kigumu. Kaka akainamisha uso, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu tuzaliwe.

"Mwache kaka yako," mama akasema. "Ijumaa ulipoondoka alirudi akaniambia tungoje. Mimi ndiye niliyekataa."

Nikamuuliza kwa nini, na mimi nilikuja kumwomba kwa mdomo wangu.

"Nilikusikia redioni, mwanangu. Kila jioni nasikiliza mpaka wakutaje. Ulipokuja hapa nikajua ni woga wa mtoto kwa mama yake. Lakini ile ya redioni ni ya kazi. Kwenye kazi huwezi kusema usichokiamini."

Nikageukia ukuta nikalia. Mama alidhani nalilia godoro, akaniambia litakauka.

Jumatatu Mkurugenzi alinipokea kwa bashasha. Bwana Harusi, akasema, amepata alama za juu ajabu, hata Jumamosi ameipatia. Nikavua viatu mlangoni kama kibao kinavyotaka, vikaacha dimbwi, nikaingia kutazama. Ni kweli. Kipima mvua cha mtaa wa mama kilikuwa kimepima kila tone kwa uaminifu, na kichujio kilikuwa kimeandika pembeni: haiwezekani, kimekataliwa. Vituo vingine vilivyobaki vilipata rasharasha. Kwa hesabu za serikali, mama yangu alilowa kwa kujitakia. Kilichosalia ni mtabiri wa zamu athibitishe kipimo kitupwe, na mtabiri alikuwa mimi.

Nilikirejesha. Na kwa kuwa mkono ulishaingia, nikaanza kuzirejesha na zile mvua kubwa za zamani, kila moja nikiilinganisha kwanza na picha za setilaiti, ili asije mtu akaniambia ni kifaa kibovu. Kufikia Jumanne, alama za Bwana Harusi zilikuwa za kumfichia mzazi. Wageni walifurahi kupita kiasi. Kumbe rekodi za mvua kubwa ndizo walizokuwa wakizisaka, ili modeli kama hizi zisomeshwe upya. Wakampongeza Mkurugenzi kwa ujasiri wake, naye akazipokea pongezi kwa unyenyekevu mkubwa. Jumatano akanihamishia stoo ya vipimajoto vilivyovunjika.

Alhamisi jioni nilimkuta kaka amemaliza nusu ya paa. Alikuwa ananawa mikono, anasema nusu nyingine kesho. Mama alikuwa amewasha redio, ambayo ilipona kwa kuwa kabati lilisimama imara. Mtangazaji akasoma: hali shwari, manyunyu ya hapa na pale. Kisha akataja jina la mtabiri wa zamu, na halikuwa langu. Mama akangoja kidogo, kama mtu aliyerukwa kwenye foleni, akanigeukia. Nikamwambia nimehamishwa.

Hakuniuliza sababu. Alizima redio, akairudishia kitambaa chake.

"Haya," akasema, "sema wewe."

Mchana nilikuwa nimechungulia majibu ya Mzee, na safari hii haikuwa robo tena, nusu nzima ya majibu ilionyesha gharika ya kesho. Nikawa na maneno yote tayari mdomoni, uwezekano, wastani, kiwango cha shaka. Kaka alisimama na taulo mkononi, ananitazama, hacheki.

"Hii ni ya kazi, mama," nikasema. "Amalize leo."

Kaka akalitupa taulo, akarudi kwenye ngazi.