Mvuke wa Upande wa Pili

Kila asubuhi, kahawa ikishanywewa, Arvo Niskala alijifunga ukutani kwa mguu. Alisogeza kiti hadi kwenye soketi ya jikoni, akapandisha suruali, akachomeka waya mfupi wa chaja kwenye bangili nyeusi iliyokaza kifundo chake, na kwa saa mbili nzima hakuweza kufikia hata birika. Asubuhi ya Jumatatu hiyo alikuwa na mtazamaji. Nyuma ya mashine ya kufulia, gizani, macho mawili yalikuwa yamemkodolea.

"Tazama vizuri," aliyaambia. "Nina miaka hamsini na minane, na hapa ndipo nilipofika."

Macho hayakupepesa.

Bangili ilikuwa ya mahakama. Mwezi wa Novemba, Arvo alitoka kilabuni akiwa amelewa chakari, akaendesha pikapu yake kurudi nyumbani, na alipobakiza nyumba moja akamgonga jirani yake, Mzee Urho Salmi, aliyekuwa akiondoa theluji mbele ya mlango wake. Nyonga ya mzee ilivunjika mara mbili. Pikapu ilichukuliwa. Hakimu alimhurumia Arvo, akampa miezi sita ya kifungo cha nyumbani badala ya jela, na masharti yake: asiende kokote, asikanyage ardhi ya Urho, asimsemeshe, asimwandikie, wala asimtume mtu kwake. Uani kwake mwenyewe aliruhusiwa kufika hadi kwenye gogo la kupasulia kuni. Akilipita gogo hilo hatua moja, bangili ingepiga kelele katika ofisi fulani mjini, na miezi iliyobaki angeimalizia nyuma ya nondo.

Na hapo ndipo ujinga wa babu ulipomkuta mjukuu. Babu yake Arvo alipofika Michigan kutoka Ufini, alifanya walivyofanya wenzake wote: kabla hajajenga nyumba, alijenga sauna, kibanda cha magogo chenye jiko la mawe ambamo watu huketi mvukeni hadi taka za juma zima ziwatoke mwilini na moyoni. Alichagua mahali palipompendeza. Wapimaji wa viwanja walipokuja miaka kadhaa baadaye, iligundulika kwamba sauna ya Niskala ilikuwa imekaa kitako, hatua kumi na tisa ndani ya kiwanja cha Salmi. Hakuna aliyeihamisha. Kila Jumamosi, kwa miaka sabini, koo hizo mbili zilioga humo, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Arvo na Urho waliketi benchi la juu kwa miaka thelathini wakibishana kuhusu samaki, wakishindana nani atamwagia mawe maji mengi zaidi bila kukimbia. Tangu Novemba jiko lile halikuwashwa. Arvo aliliona paa lake kila alipoosha vyombo, na kila alipoliona alitamani dirisha lingekuwa upande mwingine.

Mbwa alikuwa wazo la dada yake. Lempi, mjane, mpishi wa shule ya msingi, alikuwa amehamia kwa Arvo ili mtu awepo wa kununua maziwa. Jumapili alirudi na boksi lenye matundu.

"Nimekuletea mfungwa mwenzio," alisema.

"Nani kakwambia nataka mbwa?"

"Hakuna. Ndiyo maana sikukuuliza."

Mtoto huyo wa mbwa, jike, alikuwa ameokotwa na watu wa makao ya wanyama, amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba iliyohamwa. Rangi yake ilikuwa ya mkate uliookwa vizuri. Boksi lilipofunguliwa alipita kati ya miguu ya Lempi kama mshale, akajibanza nyuma ya mashine ya kufulia, na huko akabaki. Hakula. Bangili ya Arvo ilipolia, kwa maana ilikuwa na kawaida ya kulia chaji ikipungua, alijikojolea.

Jumatatu usiku Lempi alipiga magoti, akachungulia, akainuka na uso uliomzidi umri. "Hadi Ijumaa, Arvo. Asipokula mkononi mwa mtu hadi Ijumaa, namrudisha alikotoka. Siwezi kukaa nikiangalia kiumbe kinakufa njaa nyuma ya mashine yangu."

"Ukimrudisha watamfanya nini?"

Lempi alifunga kitambaa chake cha kichwa upya, ingawa hakikuwa kimelegea. "Aliyekataa kula kwao na kwetu? Usiniulize unachokijua."

Basi Arvo, ambaye hakutaka mbwa, akawa na kazi. Jumanne aliivisha bangili soksi mbili za sufi ili kuipunguzia sauti. Aliketi sakafuni, akaipa mashine mgongo, kwa maana aliyefungwa kwa muda mrefu hapendi kukodolewa macho; hilo hakufundishwa na mtu. Alikata vipande vya pulla, mkate mtamu wa iliki anaouoka Lempi, akavipanga sakafuni kimoja kimoja hadi kwenye kiganja chake. Jumatano vipande vya mbali vilitoweka. Alhamisi saa nne asubuhi pua baridi iligusa kidole chake kidogo, ulimi ukafuata, na kipande cha mwisho kikaliwa mkononi mwa mtu. Arvo alilia kidogo. Aliona haya, ingawa hapakuwa na wa kumwona.

Kisha mtoto wa mbwa akalaza kidevu juu ya buti lake, akasinzia. Arvo hakuthubutu kujikuna, seuze kuinuka. Saa nne ikawa saa tano, saa tano ikawa saa saba. Soketi ilikuwa ng'ambo ya jikoni, na chaja ikining'inia humo bila kazi. Alijua. Alijiambia, dakika tano tu zaidi, na hizo dakika tano zilikuwa tamu kuliko zote alizopitisha tangu Novemba.

Saa nane moto ulikaribia kuzima. Alijichomoa taratibu, akafungua mlango wa nyuma achukue kuni, na bangili ikalia. Haikulia ya kawaida. Ililia ile ndefu ya mwisho, ambayo soksi mbili hazikufua dafu mbele yake. Kitu cha rangi ya mkate kilipita miguuni pake. Alipogeuka, theluji ilikuwa na mstari mmoja wa nyayo ndogo uliolipita gogo la kuni, ukavuka mpaka, ukaishia chini ya sakafu ya sauna.

Kipimajoto cha mlangoni kilisema nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Arvo alimpigia Lempi. Simu ililia bila kupokelewa. Jikoni mwa shule simu hufungiwa kabatini. Akampigia afisa wake wa uangalizi, Bi. Kowalczyk.

"Hatua kumi na tisa tu, mama. Dakika moja. Utaniona kwenye kompyuta yako nikienda na nikirudi."

"Bwana Niskala, ile ni ardhi ya mtu uliyemvunja nyonga."

"Atakufa kwa baridi."

"Nasikitika. Kweli nasikitika. Lakini nikikuona umelipita gogo, sitaletewa hadithi ya mbwa, nitaletewa ripoti. Na chaji yako iko asilimia sita. Ikizima, kwangu ni sawa na umekimbia."

Alitoka hadi kwenye gogo, akaita. Akapiga mluzi, akapiga makofi, akatia ukali, na kila sauti ilimsukuma yule mnyama ndani zaidi. Mguu wake wa kulia uliinuka wenyewe juu ya gogo. Maisha yake yote Arvo alikuwa mtu wa kukimbilia mbele na kuomba radhi baadaye, na hata radhi yenyewe mara nyingi aliisahau. Aliutazama mguu huo ukiwa hewani na soksi zake mbili za kipumbavu. Akaurudisha chini.

Pembeni ya ngazi, kwenye msumari, ulining'inia waya mrefu wa umeme wa rangi ya machungwa. Kila nyumba ya huko ina waya wa namna hiyo. Usiku wa baridi huchomekwa kwenye injini ya gari ili iamke asubuhi. Wake ulikuwa hauna kazi tangu pikapu iondoke. Arvo aliuchomeka kwenye soketi ya nje, akaunga chaja ya mguuni, akauburuta hadi kwenye gogo. Akajaza pulla mfukoni. Kisha akalala kifudifudi juu ya theluji, akageuza uso pembeni, akanyamaza. Alikuwa amefungwa kwenye nyumba yake kwa kamba ya pikapu iliyomfunga.

Muda ulipita. Masikio yaliacha kuuma, na hiyo haikuwa habari njema.

"Arvo! Umekufa?"

Aliijua sauti hiyo kuliko yake mwenyewe. Urho Salmi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, kwenye magongo mawili, koti juu ya nguo za kulalia. Arvo alifungua kinywa, akakifunga.

"Aa, nilisahau," mzee alisema. "Hakimu kakuziba mdomo. Miaka thelathini mimi nimejaribu nikashindwa, na yule kaweza kwa karatasi moja." Alishuka ngazi, gongo, mguu, gongo, mguu, akitweta. Macho yake yalifuata waya wa machungwa, nyayo ndogo, na giza lililokuwa chini ya sauna. Hakuhitaji kuelezwa. Arvo aliinua kiganja kidogo tu, kumsihi asikaribie zaidi.

"Simkurupushi, usinifundishe," Urho alinong'ona. "Nimefuga mbwa kumi na mmoja." Akajishusha kwa shida kwenye ngazi ya sauna, akanyoosha mguu ule mbovu, akatulia.

Wakawa watatu, na hakuna aliyemsogelea mwenziwe. Arvo aliusikia ule mguu ukilia mfupani mzee alipouweka sawa. Ulikuwa ukimlilia tangu Novemba, kila alipoliona paa lile, naye akijibu kwa kufunga pazia. Sasa hakuwa na pazia. Aliugeuza uso kuelekea kwenye lile giza la chini, akasema na mbwa. Mahakama haikumkataza kusema na mbwa.

"Pulla," aliita. Hilo likawa jina. "Sikia, mama. Najua ni mimi niliyekutisha. Nilimwambia hakimu sikukuona." Meno yalimgongana, akayakaza. "Nilidanganya. Nilikuona. Niliona beleshi lako likipanda na kushuka. Nikajiambia nafasi ipo, nitapita. Sikupunguza mwendo hata kidogo. Hiyo ndiyo kweli yake. Nisamehe."

Mtoto yule wa mbwa hakuwahi kuwa na beleshi. Urho aliitazama mikono yake mwenyewe, iliyovaa glavu zisizolingana.

"Mtoto," alisema, naye akiinamia giza lile lile, "mwambie huyo aliyelala hapo, beleshi lilikuwa jekundu. Hata kipofu angeliona. Nililijua hilo nikiwa bado chini. Nilichokuwa nangoja ni kulisikia."

Alifuta pua. "Na mwambie theluji inaingia kwenye suruali yake. Makalio yote nje. Aibu."

Arvo alicheka, na katika kucheka akaacha kungoja. Pengine ndipo pua ilipotokeza. Pulla alitoka kwa tumbo, akasimama kati ya wanaume wawili, mguu mmoja wa mbele umeinuka. Alimnusa mzee kwa mbali. Akamnusa Arvo kwa mbali. Kisha akafuata harufu ya iliki hatua kumi na tisa, akavuka mpaka ambao kwake haukuwapo, akala alichoshikiwa, na akajilaza juu ya kitu cha pekee kilichokuwa na joto kidogo pale: mguu wenye bangili.

Bangili ilipata chaji ya kutosha, ikalia.

Pulla alilaza masikio. Alitetemeka kuanzia shingoni hadi mkiani. Sauti ikaisha, na uzito ule mdogo ulikuwa bado pale pale.

"Haya," alisema Urho, akijikongoja kuinuka. Magongo yalimrudisha kwake.

Lempi aliporudi saa kumi alimkuta mdogo wake mbele ya jiko, amefunikwa mablanketi matatu, mbwa akikoroma mapajani. Alimtazama, akatazama waya wa machungwa uliokuwa bado umetandazwa uani, akatazama nyayo za magongo kwenye ngazi ya sauna. Akavua koti.

"Niwashe birika," alisema, "au nimpigie wakili?"

"Birika."

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, Arvo alikuwa akiosha vyombo alipoona moshi. Ulitoka kwenye bomba la sauna, mwembamba kwanza, kisha mnene, moshi mweupe wa magome ya mti wa mbetula. Alikaza macho hadi maji ya sinki yakapoa. Ilibaki miezi mitatu. Alifungua mlango wa nyuma, akaenda hadi kwenye gogo, akaketi juu yake. Kutoka ndani ya kibanda ilisikika sauti ya maji yakitua juu ya mawe, na kikohozi cha mtu mmoja.

Pulla alikuwa amekaa mguuni pake, masikio juu.

"Nenda," Arvo alimwambia.

Alikwenda. Mlango ulifunguliwa kidogo, ukamwingiza, ukafungwa. Baada ya muda ulifunguliwa tena, naye akarudi mbio juu ya theluji, manyoya yamelowa, mwili unafuka mvuke. Arvo alimpakata kabla baridi haijamuwahi. Akazika uso wake shingoni mwake, akavuta pumzi, na humo mlikuwa na moshi wa mbetula, mawe ya moto, na sabuni ya lami ambayo Urho alikataa kuibadilisha kwa miaka thelathini.