Siku Nne Bila Sabuni

Lebo mpya zilifika Jumatatu asubuhi, zimefungwa mia mia kwa kamba ya plastiki, na Mizani alizisoma akiwa bado na unga kwenye viwiko.

Jina la Mizani alipewa na wafanyakazi wa bekari, kwa sababu hakuna kitu alichokubali kukikadiria kwa jicho. Chumvi aliipima, maji aliyapima, hata sukari ya chai yake aliitoa kwa kijiko kilichosawazishwa juu kwa kisu. Watu walisema mwanamume atakayemposa atapandishwa kwenye mzani kwanza. Hakujali. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na kwa ishirini na miwili ya hiyo alikuwa mkandaji mkuu wa mkate ambao mji mzima uliujua: mkate mchachu, ganda gumu, mgongoni una alama za nyuzi kana kwamba umelalia mkeka.

Kwenye lebo palikuwa na picha ya marehemu baba yake, amevishwa kofia ya mpishi ambayo hakuwahi kuivaa. Chini ya picha palielezwa kwamba zamani msafiri mzee alibisha hodi, Baba akamkaribisha na kumlisha, na mzee alipoondoka akamwachia chungu cha maji ya chachu yaliyorithiwa vizazi saba. Ndiyo siri ya mkate huu.

Mara ya kwanza aliisoma kwa macho. Mara ya pili aliisoma kwa hasira.

Mkate huo ulipozaliwa Baba alikuwa wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba, na alikaa hivyo miezi mitano. Cheti cha hospitali kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama. Tena Baba hakuupenda mkate wenyewe. Hadi anakufa aliletewa mkate mweupe laini, akisema uchachu ni wa maziwa, si wa mkate.

Mizani alimfuata kaka yake ofisini. Wafanyakazi walimwita Mwenyekiti, maana hata watu wawili wakikutana mlangoni yeye alifungua kikao. Alimsikiliza dada yake huku akipanga kalamu, kisha akamweleza kwa upole wa mtu anayemwogesha paka kwamba wateja hawanunui mkate, wananunua hadithi, na kwamba Alhamisi anakuja afisa wa kusajili vyakula vya asili. Chakula kikiandikwa katika daftari lile, jina lake halitumiwi na mtu mwingine. Fomu ilikuwa na mstari wa saba: nani aliyekianzisha, na ilitokeaje. Mstari huo alikwisha ujaza.

"Umeutia chumvi kuliko mkate wenyewe," Mizani alimwambia. "Mkate ni wa Mama. Baba hakuwepo."

"Mama hana hadithi, mdogo wangu. Ana vitambaa."

Hapo ndipo damu ilipomchemka, kwa sababu vitambaa ndivyo vilivyokuwa kila kitu. Mikate ile iliumuka katika mikunjo ya vitambaa vizito vya pamba vilivyotandazwa juu ya mbao, na vitambaa hivyo havikufuliwa kamwe. Vilikung'utwa, vikaanikwa juani uani, vikakunjwa. Kila mfanyakazi mpya aliambiwa siku ya kwanza: osha mikono, osha trei, osha sakafu, lakini atakayegusisha kitambaa sabuni arudi kwao. Chachu iliishi mle katika nyuzi, ikapita kutoka mkate wa jana kwenda wa leo. Mizani alikwisha kulithibitisha. Alikanda unga uleule kwa maji yaleyale, nusu akaiweka kwenye kitambaa kipya, nusu kwenye cha zamani, akafanya hivyo mara tisa. Mara zote tisa mkate wa kitambaa kipya ulitoka laini na wa kijinga.

Mwenyekiti alivionea haya. Kwake vilikuwa uchafu, na chungu kilikuwa heshima. Mizani akamwambia kwamba vyakula vinavyosifiwa vingi vina babu wa aibu: siki ni kinywaji kilichosahauliwa, mtindi ni maziwa yaliyosahauliwa, na mtu aliyesahau hatajwi, anatajwa mfalme aliyeonja. Mwenyekiti akasema ndiyo maana wafalme wako kwenye lebo.

Siku tatu hawakusemezana ila kwa kupitia kwa mpakuzi wa tanuri, ambaye alichoka akawaambia yeye hakuajiriwa kuwa simu.

Alhamisi afisa alikuja, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na jalada kwapani. Mama, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa ameketi pale alipoketi kila siku, kwenye kiti cha kamba karibu na mlango wa uani, akikunja vitambaa. Mwenyekiti alisimulia habari ya msafiri hadi mwisho, na sauti ilimtetemeka mahali panapofaa. Afisa aliandika kidogo. Kisha akaomba kuona chungu.

Chungu kililetwa. Afisa akakigeuza chini juu, akavaa miwani.

"Vizazi saba," alisema, "na kibandiko cha duka bado hakijabanduka."

Wakandaji wawili walitoka nje kwenda kucheka. Mwenyekiti akaanza kueleza kwamba kile cha asili kilivunjika, lakini Mizani alikwisha kuweka mezani kitambaa cha zamani na kipya, na mikate miwili iliyotokana navyo, na karatasi ya vipimo vyake tisa. Alieleza kwa dakika chache bila kupamba. Afisa akanusa kitambaa, akamega mikate yote miwili, akatafuna taratibu.

"Hili naliamini," alisema. "Nani aliamua visifuliwe?"

"Mama yangu."

Afisa akamgeukia Mama pale mlangoni. "Ni kweli, mama?"

Mama aliendelea kukunja hadi pembe zikalingana. Kisha akasema hapana, na akaanza kusimulia bila kuinua macho.

Palikuwa na mwanamke wa kufua. Siku hizo vitambaa vilichemshwa kwa sabuni kila jioni. Jumatano moja, wakati Baba yuko wodini, Mama alivikuta vimekakamaa na vinanuka kama maziwa yaliyolala. Alimwita yule mwanamke mbele ya wafanyakazi wote, akamwita mchafu, akamfukuza palepale. Mikate ilikuwa imekwisha iva, kuitupa isingewezekana, ikauzwa. Jumamosi watu walirudi wakiuliza ule wa juzi. Mama alijaribu kubadili unga, akajaribu maji, akajaribu chumvi, wiki mbili nzima, mpaka akakumbuka vitambaa. Basi akaacha kuvifua.

"Na yule mwanamke?" afisa aliuliza.

"Nilikwisha mfukuza."

Afisa akafunga jalada. Fomu aliiacha mezani, maneno ya mstari wa saba yamekatwa kwa kalamu. Alisema kazi yake si kuandika watu wanachopenda bali kilichotokea, kwa ushahidi wa aliyekuwepo, na kwamba fomu irudi ofisini Ijumaa ya wiki ijayo ikiwa na saini ya mwenye leseni. Mwenye leseni alikuwa Mama.

Mlango ulipofungwa, Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kupata pumzi. Akasema mambo yamekwisha kwa heri: huyo mfuaji huenda ni marehemu, hakuna anayemkumbuka, na yeye yuko tayari kumtoa Baba kwenye lebo.

"Si ulimtaka Mama? Haya, chukua Mama."

"Nilitaka ukweli."

"Uliutaka ulipokuwa wa kwetu."

Maneno hayo yalimkasirisha Mizani kuliko chungu. Miaka ishirini na miwili aliwasimulia waajiriwa wapya jinsi Mama, peke yake, mume hospitalini, alivyotambua kwa mikono yake jambo ambalo wenye shule wasingelitambua. Alilisema hilo bila ushahidi, yeye aliyepima sukari ya chai. Hakuwahi kumuuliza Mama hata mara moja. Na Mama alikuwa akiketi pale pale mlangoni, akikunja, akisikia.

Alimuuliza sasa: yule mwanamke yuko hai?

"Anafua nyumba ya wageni, nyuma ya soko la nguo," Mama alisema.

Alikuwa akijua muda wote. Mizani alivua aproni, akaitupa juu ya trei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akatoka.

Uani kwa nyumba ya wageni mashuka yalikuwa yameanikwa safu nne, na katikati yake mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu alikuwa akikamua foronya kwa mikono iliyokomaa kama mizizi. Mizani alimwamkia shikamoo, akajitambulisha ni wa bekari gani. Mwanamke alimtazama kidevu.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukilala juu ya magunia," alisema. "Ulikuwa na surua."

Ilikuwa kweli. Mizani akaeleza kilichomleta: fomu, afisa, aliyosema Mama. Mwanamke hakuacha kukamua. Alisema mkate aliutambua zamani sana. Alipita siku moja penye foleni, akasikia harufu, akasimama.

"Watu wananunua kosa langu kwa mstari," alisema. "Na mimi hapo hapo naitwa Mchafu. Unajua mfuaji kuitwa mchafu ni nini, mwanangu? Ni kama mlinzi kuitwa mwizi. Miaka mitatu hakuna nyumba iliyonipa hata soksi."

Mizani akauliza, kwa kuwa alilazimika kuuliza, kwa nini siku zile hakuvifua.

Foronya ikawekwa chini.

"Sabuni ilikwisha. Nilimwambia mama yako. Siku tatu nilimwambia. Anakimbia hospitali, anakimbia tanuri, ananijibu ndiyo, ndiyo, halafu haleti. Ningevifua kwa mate? Siku ya nne masikio yakazibuka, akanisikia nanuka."

Mama hakuwa amelitaja hilo. Mizani alisimama kati ya mashuka, akimkasirikia Mama, akimkasirikia kaka, na zaidi akijikasirikia mwenyewe kwa sababu hadithi ya chungu angalau hakuiamini, lakini ile ya Mama aliiamini na kuisimulia. Alisema samahani. Mwanamke akamwambia hiyo ailete aliyekosa, yeye aandike tu.

"Andika jina langu lote," alisema, akayataja majina yake matatu, la mwisho mara mbili ili lisikosewe. Mizani aliyaandika, akatambua kwamba katika miaka yote hiyo nyumbani kwao hapakuwa na aliyetamka hata moja. "Halafu andika nilifukuzwa, na kwamba niliitwa mchafu, na habari ya sabuni. Ukiandika jina peke yake mtanivisha kofia, kama mlivyomvisha baba yako. Nimeiona hiyo lebo. Marehemu hata chai hakujua kupika."

Jumapili mchana bekari ilikuwa imefungwa. Mizani alikaa mbele ya Mama, meza ya kukandia katikati, na kumsomea mstari wa saba aliokuwa ameujaza kwenye karatasi ya ziada kwa sababu haukutosha. Mwenyekiti alisimama dirishani. Alikwisha sema yake asubuhi: kwamba jambo hili litawafanya kichekesho, kwamba hakuna chakula duniani kinachosajiliwa kwa tusi. Alitarajia Mama akatae, na Mizani pia alitarajia hivyo. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali ambayo tangu Alhamisi aliyakanda usiku na mchana.

Alisoma jina. Alisoma kufukuzwa. Alisoma tusi kama lilivyotamkwa. Alisoma kwamba mfuaji alimwarifu mwenye bekari kwa siku tatu mfululizo kuwa sabuni imekwisha, na sabuni haikuletwa.

Mama akanyoosha mkono kumzuia.

"Hapo umekosea," alisema.

Mwenyekiti akageuka kutoka dirishani. Mizani akahisi maneno yake makali yakimpanda kooni.

"Alinikumbusha na Jumatano yenyewe asubuhi," Mama alisema. "Nilikuwa napanda gari kwenda kwa baba yenu. Alinikimbilia hadi barabarani, nikamwambia ndiyo. Jioni nikamfukuza. Zilikuwa siku nne."

Mwenyekiti alitazama viatu vyake. Mizani alimtazama Mama, na hasira haikupungua hata chembe. Lakini alichukua kalamu, akafuta tatu, akaandika nne, akaweka herufi za kwanza za majina yake pembeni kama inavyotakiwa kwenye masahihisho, akamgeuzia Mama karatasi.

Mama alitia saini polepole, kila herufi mahali pake.

"Vitambaa viko juani," alisema alipomaliza. "Nenda kavitoe, vitakauka kupita kiasi."

"Kavitoe wewe," Mizani alimwambia.

Mama akainuka, akaenda.