Mtamba wa Dada Mwantum na Sindano ya Zuleha

Mwaka 2018, chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi kwa wasichana wa miaka kumi na minne ilipoanza, nilishuka Kondoa nikitokea Babati. Nikamkuta dada yangu Mwantum amemficha mjukuu wake Zuleha bandani, nyuma ya ng'ombe.

"Kaenda Chemba," alikuwa anamwambia nesi Mwanaidi, aliyewafuata majumbani waliokosekana shuleni.

"Bibi, saa sita naondoka na boksi langu la barafu lenye chanjo."

"Haya, safari njema."

Bandani mtoto alikuwa analia kimyakimya. Mama yake, Salha, tulikuwa tumemzika miaka miwili nyuma kwa saratani hiyohiyo. Zuleha ndiye aliyemuuguza. Sindano aliitaka. Dada naye kasikia sokoni kwamba inafunga uzazi, na Salha kamwachia huyo mmoja tu.

Mimi shule nimeiokota vipande vipande, ila ng'ombe nimewaswaga miaka mingi. Nikauliza, "Dada, huyo ng'ombe wako si alidungwa ya ugonjwa wa kutupa mimba?"

"Alidungwa angali mtamba, hajajua dume."

"Kazaa mara ngapi tangu hapo?"

"Mara tatu." Akashtuka. "Hassani! Unamfananisha mjukuu wangu na ng'ombe?"

"Nimeuliza ndama tu."

Nesi akajikaza asicheke. "Babu kasema vibaya, lakini kasema kweli. Hii nayo haifungi uzazi. Msichana hudungwa mapema, kabla kirusi kinacholeta saratani hakijamfikia. Inakinga vizuri sana zile aina za kirusi zinazoleta sehemu kubwa ya saratani hiyo. Si zote, kwa hiyo akikua bado apimwe. Na aliyekwisha kuambukizwa haimtibu."

"Basi nidunge na mimi."

"Bibi, umezaa wangapi?"

"Saba."

"Umechelewa kidogo."

Kicheko kikatoka bandani. Nesi akageuka. "Kumbe Chemba ni hapo tu!"

Zuleha akatoka na majani kichwani, mkono wa gauni keshaukunja. Akadungwa, wala hakukunja uso.

"Na alama?" dada akauliza. "Mtamba alitobolewa sikio."

"Huyu ana hereni tayari. Chukua kadi. Ya pili ni baada ya miezi sita."

Dada akaifunga kadi kwenye pindo la khanga. Kisha akaninyang'anya begi, akalifungia ndani.

"Umesema wewe, utampeleka wewe."

Tangu niache ziwa la mama nilikuwa sijakaa mahali pamoja miezi sita. Jioni ile nilikuwa nakata majani ya ng'ombe.