Asali Yangu Haichemshwi

Nasema mapema, mtu asije akaniuliza tena: sikuchemsha, na hata leo mkinirudisha palepale, sichemshi.

Mume wangu Meinrad alijikata na jembe kwenye muundi wa mguu akichimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani. Kidonda kikaoza, kikaanza kuwa cheusi. Tukanunua vidonge duka la dawa, maana soko huria lilikuwa limeshaingia na hata dawa ilikuwa bidhaa kama sabuni. Akavimeza vyote, harufu ikazidi. Daktari akasema weusi ule ukipanda hadi gotini, mguu unakatwa. Mwanaume wa kijiji chetu cha Mapera bila mguu, kwenye miteremko hii? Nililia mpaka nikajichukia.

Aliyeninyamazisha ni nesi Lidia wa zahanati. Aliniuliza kama nyumbani tuna asali.

"Mizinga ya mume wangu imejaa," nikamwambia.

"Basi mpake mbichi. Kamua kwa kitambaa safi, isiguse moto. Tumboni mwa nyuki kuna bakteria wazuri. Nyuki akitapika maji ya maua, anawaacha humo, nao wanatoa vitu vinavyowaua hawa wanaomwozesha mumeo. Ukichemsha, unawaua askari wako mwenyewe."

Akanisisitiza nioshe kidonda kwanza kwa maji ya chumvi, na kila juma nimpeleke mgonjwa kwa baiskeli akamtazame.

Nikafanya hivyo. Mwanzoni, jamani, alipiga kelele mpaka majirani wakadhani namuua. Lakini harufu ikaondoka, nyama nyekundu ikaanza kuota. Hata hivyo, uani alikuwa bado anakwenda akiniegemea begani, na msimu wa kurina ulikuwa umekwisha. Nilibakiwa na ndoo moja tu ya asali.

Ndipo akaja Praygod, mnunuzi kutoka Songea, na gari lake. Akatuambia sisi wa kikundi cha nyuki kuwa asali yetu imepimwa, imekutwa na bakteria. Wee! Watu waliogopa utadhani tumekamatwa tukiuza sumu. Sharti lake, asali yote ichemshwe mbele ya macho yake. Ikibaki hata ndoo moja mbichi kwa mwanakikundi, hanunui ya mtu yeyote.

"Bakteria hao nawafahamu," nikasema pale kikaoni. "Ndio wanaomtibu mume wangu."

Watu wakaangua kicheko. Praygod akanitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama kichaa, na ikaniuma kuliko kicheko. Bernadi, mdogo wake Meinrad, ndiye mwenyekiti wetu. Yeye hakucheka.

"Shemeji, usituharibie. Watu wana watoto shuleni."

"Na mimi nina mume kitandani. Ndoo yangu haitoki."

Jioni Bernadi alikuja kuzungumza na kaka yake. Meinrad ni mtu asiyependa ugomvi hata na kuku. Alipoondoka mdogo wake, akaniambia, "Mama Antoni, ipeleke tu. Nitaishije na ndugu zangu?"

"Utaishi kwa miguu miwili," nikamjibu. "Maneno ya watu yatapita."

Asubuhi nikaenda shambani. Kurudi, kitanda kitupu, ndoo haipo. Nikajua tu, wamembeba, yeye na asali yake! Nilitoka mbio na jembe mkononi, nikimtukana Bernadi njia nzima. Matusi yenyewe siyarudii hapa.

Uwanjani kwa Bernadi pipa lilikuwa motoni, kikundi kizima kimelizunguka. Kando ya pipa alisimama Meinrad, ndoo mikononi, jasho linamtiririka.

"Nani amekuleta huku?" nikafoka.

"Sijaletwa na mtu. Nimechoka kusemwa. Nimekuja mwenyewe."

"Kwa baiskeli ya nani?"

"Kwa miguu!" alinijibu kwa hasira. Kisha akainama kuutazama ule mguu, umekanyaga chini sawasawa na mwenzake. Kutoka kwetu hadi pale kuna bonde na kilima.

"Vene," akasema, na jina hilo huwa haniiti mbele za watu, "nimetembea."

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyelia, na safari hii sikujichukia.

Praygod akakohoa. "Mama, nafurahi kwa ajili ya mzee. Lakini sharti langu ni lilelile."

"Na mimi ni yuleyule. Kanunue kwingine."

"Kaka," Bernadi akaita, sauti imemlegea, "mimina tu, tumalize."

Wote wakamgeukia Meinrad. Nami nikaogopa, kwa sababu namjua. Tangu anioe sikuwahi kumsikia akimkatalia mtu jambo.

"Simimini," akasema.

Praygod akawasha gari akaondoka. Kwamba tuliwaharibia wenzetu soko, ni kweli, wala sikatai. Mwaka ule wengi walininunia hata kanisani, wakati wa kupeana amani. Mkono wangu niliunyoosha vilevile, asiyetaka basi.

Siku ile tulipotoka pale nikataka kumpokea ndoo, kilima ni kikali. Akaivuta kwake.

"Niache," akasema. "Hii nitaibeba mwenyewe."