Karatasi Arobaini na Moja za Ushonaji

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Dodoso, na jina likamganda. Hakulichukia. Kwa miaka minne alikuwa akifundisha chuo kikuu somo ambalo shemeji yake aliliita "somo la kuamua ugomvi wa wageni na wenyeji": namna watu wa malezi mbalimbali wanavyofanya kazi chini ya paa moja, nani anaamuru, nani anatii, na nani anajifanya hamnazo. Sasa mkataba wake ulikuwa ukingoni. Ili apate ajira ya kudumu alihitaji makala mbili zilizokubaliwa na majarida ya nje. Ya kwanza alikuwa nayo. Ya pili ilikuwa imekwama kwa sababu ya karatasi arobaini na moja.

Karatasi zenyewe zilitoka kwenye kiwanda cha magodoro, ambako mameneja wote walitoka ng'ambo na wafanyakazi wote walikuwa wenyeji. Aligawa madodoso mia mbili na kumi. Juu ya kila moja alichapa kwa herufi nene: jibu peke yako, usishauriane na mtu. Yaliporudi, yale ya idara ya ushonaji yalifanana kama mapacha. Kuanzia swali la kwanza hadi la thelathini, namba zilezile zilizungushiwa duara. Hata penye makosa walifanana. Swali la kumi na saba liliuliza kama meneja akikosea huwa anaambiwa. Wote arobaini na moja walikuwa wamezungushia mbili, yaani hapana, kisha wakaikata na kuzungushia nne, yaani ndiyo.

Mwingine angezitia kapuni, asonge mbele. Bi Dodoso alizifunga kwa mpira, akarudi kiwandani.

Aliwakuta washonaji kwenye mapumziko, wamekaa juu ya marobota ya vitambaa, vumbi la sponji limewatulia hadi kwenye nyusi. Kiongozi wa mstari wao alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye kila mtu alimwita Spika, maana hakuna kikao kilichoanza bila yeye.

"Mama, niliandika kila mtu ajibu peke yake," Bi Dodoso alisema, akimwonyesha yale maneno.

"Tuliyaona. Hilo nalo tulilijadili."

"Mkaamuaje?"

"Tukaona halituhusu."

Wenzake wakaangua kicheko. Spika akamsogezea robota akae.

"Usinune, binti yangu. Umeuliza kama meneja anaambiwa makosa yake. Hapa alikuwepo kijana mmoja, fundi wa kukata sponji. Alikwenda kumwambia, yeye na roho yake. Unamwona hapa?"

"Simwoni."

"Na sisi hatumwoni tangu mwaka juzi. Ndiyo maana tukaweka mbili. Halafu huyu dada wa kule mwisho akasema, jamani, na ile gundi je? Gundi ilikuwa inatutoa machozi mchana kutwa. Siku hiyo tulizima mashine zote, tukasimama, nikamwambia meneja tunaomba madirisha. Madirisha yakafunguliwa. Sasa tumemwambia au hatujamwambia?"

"Mmemwambia."

"Basi. Tukakata mbili, tukaweka nne. Mtu hajibu maswali ya kazi peke yake, binti yangu. Akikosea, anawakosea wote."

Bi Dodoso aliandika mpaka wino ukamwishia. Usiku ule hakulala. Alijua karatasi zile zikitolewa, hesabu zilizobaki zitasema jambo moja tu: wafanyakazi hawa wanaogopa wakubwa na hawasemi. Mameneja wangeisoma makala hiyo, wakatikisa vichwa, wakaendelea kutowasikiliza watu ambao tayari walikuwa wamesema.

Profesa, aliyemsimamia tangu shahada ya uzamili, alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akavua miwani.

"Wamenakiliana. Zitoe."

"Wamekubaliana, Profesa. Ni vitu viwili."

"Jarida linataka maoni huru, ya mtu mmoja mmoja."

"Nani aliyesema uhuru ni wa mtu mmoja mmoja tu?"

"Vitabu vyote unavyofundishia."

"Basi vyote havijafika ushonaji."

Profesa alicheka kwa shida, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, kamati ya ajira inakaa Alhamisi. Ukizitoa leo, mhariri anaipokea makala kesho. Huo ubishi uweke kwanza, utaufanya ukishapata kazi."

"Wengi waliouweka, mpaka leo sijaona wamekwenda kuuchukua."

Nyumbani dada yake, muuguzi mwenye ulimi usio na breki, alimsikiliza huku akipiga pasi sare zake. "Yaani unakosa kazi kwa ajili ya washona magodoro ambao hata jina lako hawalijui?"

"Wananiita binti yangu."

"Haya. Chumba chako kipo. Kitanda kipo. Godoro ukawaombe wao."

Alhamisi asubuhi alikaa kwenye benchi la ukumbini. Kanuni za chuo zilimruhusu kusoma tathmini zake robo saa kabla ya kuhojiwa. Wajumbe walikuwa wanne, Profesa akiwemo, na Mkuu wa Kitivo ndiye mwenyekiti. Kila mjumbe alitakiwa kujaza fomu yake mwenyewe na kuifunga kwenye bahasha. Katibu alimletea bahasha nne. Alisoma ya kwanza, akavunjika moyo. Alisoma ya pili. Alipomaliza ya nne, hofu yote ilikuwa imemtoka.

Ndani, Mkuu wa Kitivo alimwonyesha kiti. "Umesoma tathmini. Una la kusema?"

"Ninalo, Mkuu. Kipengele cha sita, ukomavu wa kitaaluma, mjumbe wa kwanza amenipa mbili. Wa pili mbili. Wa tatu mbili, wa nne mbili. Na maelezo ya wote wanne ni haya: 'Bado hajakomaa, aongozwe zaidi.' Juu ya fomu pameandikwa kila mjumbe ajaze bila kushauriana."

Mtu mmoja akavuta kiti. Profesa akawa anasoma mbao za meza.

"Unatutuhumu?" aliuliza mwalimu wa takwimu.

"Hapana. Naamini mlikaa mkajadiliana, kwa sababu jambo lilikuwa zito na hamkutaka lawama imwangukie mmoja wenu. Washonaji nao walifanya hivyo. Kama karatasi zao hazifai, basi na hizi fomu hazifai. Kama hizi zinafaa, zao zinabaki."

Mwalimu wa takwimu akaguna. Ikawa ngumu kujua kama ni hasira au kicheko.

"Anayehojiwa hapa ni wewe," Mkuu alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Na jibu langu ni kwamba sizitoi."

Wakamtoa nje. Kisha sauti zikaanza kupanda nyuma ya mlango, moja, halafu nyingine ikiikata ya kwanza, halafu mtu akapiga meza. Katibu alimshauri aende nyumbani, atapigiwa simu. Akasema benchi halimuumizi.

Profesa ndiye aliyetoka kwanza, tai imelegea.

"Wawili kwa wawili. Mkuu akaamua kwa kura ya mwenyekiti. Ajira umekosa. Wamekuongezea miezi sita, na ukizitoa karatasi kabla haijaisha, unaitwa tena."

"Na nisipozitoa?"

"Ndiyo basi tena."

Maneno yale yalimuuma, na hakujaribu kuficha. Alifuta macho kwa kiganja, kisha akachomoa karatasi kwenye mkoba.

"Miezi sita inanitosha. Hili ni ombi la kibali cha kurudi kiwandani. Safari hii watajibu kwa makundi, waziwazi, na mameneja nao vivyo hivyo. Linahitaji sahihi ya msimamizi."

Profesa alilisoma mara mbili. "Hakuna jarida litakalolitaka hili."

"Litakuwepo moja."

"Na lisipokuwepo?"

"Nitawasomea washonaji."

Profesa aliiegemeza karatasi ukutani. Kalamu ikagoma, akaikung'uta, akatia sahihi. "Baadaye usije ukasema sikukukataza."

"Ulinikataza, Profesa. Nitaandika hivyo kwenye shukrani."

Bi Dodoso akaichukua karatasi, akashuka ngazi mbilimbili kuiwahi ofisi ya vibali kabla watu hawajatoka kwenda kula.