Umejaribu Nini, Chausiku?

Chausiku wa Tabata alikuwa na miezi minne tu tangu aanze kujifunza kuandika programu, lakini alivyojiamini ungedhani ana miaka kumi. Alimtengenezea mama yake mdogo, Hamida, muuza samaki wa Kunduchi, programu ya kupokea oda za mama lishe kwa simu. Mwisho wa kuagiza: saa tatu asubuhi.

Siku ya kwanza kila aliyeagiza alijibiwa, "Muda umekwisha." Saa mbili kasorobo, eti muda umekwisha! Samaki wakadoda, Hamida akawaka.

"Kesho ikizingua tena, hiyo kompyuta niliyokununulia naiuza!"

Chausiku akakimbilia kundi la waandishi wa programu mtandaoni. "Jamani msaada, programu yangu haifanyi kazi!"

Twaha, fundi wa Mikocheni anayeliongoza kundi hilo, alijibu maneno mawili: "Umejaribu nini?"

Ilimuuma. Mtu anaungua, mwenzake anauliza maswali! Akaanza kuandika jibu la kumkomesha, amtajie yote aliyojaribu. Vidole vikasimama. Hakuwa amejaribu chochote. Akaona haya, peke yake chumbani.

Basi akatulia. Akasoma maelezo ya jinsi kompyuta inavyohesabu muda, yale aliyokuwa akiyaruka siku zote. Kisha akaiamuru programu imwoneshe saa ya kila oda. Ile ya saa mbili kasorobo ilisomeka 07:45. Na kwenye mwisho wa kuagiza, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameandika 3.

Akapiga ukelele. Yeye alihesabu saa kama wahesabuvyo kwao wote, kuanzia alfajiri. Kompyuta ilianzia saa sita usiku. Ile 3 yake ilikuwa saa tisa za usiku! Akaifuta, akaweka 9, akazipitisha upya oda zote za asubuhi kwa majaribio. Zikapokelewa bila kubaki hata moja.

Kesho yake alikuwa Kunduchi mapema. Saa moja na nusu simu ya Hamida ikalia: samaki changu, kilo tano. Ikalia tena, na tena. Kufika saa tatu, beseni lilikuwa tupu.

"Fundi wa hiyo programu nani?" aliuliza Bernadeta, muuzaji wa meza ya pili.

"Si huyu hapa! Mwanangu kakaa nayo mwenyewe mpaka kaijua."

"Na mie anitengenezee."

Chausiku alijaa fahari, akafungua mdomo akubali. Hamida akamjibia.

"Subiri zamu yako, dada. Ana kazi huyu."