Mstari Mbele ya Kerezo

Jumatatu asubuhi Lukumani alifunga gogo jekundu kwenye kerezo lake, akawasha mota na gogo likaanza kuzunguka. Karakana yake iko Lubunga, karibu na kivuko. Umeme ulikuwepo, jambo ambalo majirani walilijadili kwa muda. Alikuwa anakereza nguzo za mimbari ya msikiti. Wazee walimpa kazi hiyo baada ya swala ya Ijumaa, mbele ya watu wote, wakisema wanataka fundi mwenye mikono safi.

Patasi alikuwa ameitengeneza mwenyewe. Chuma cha madukani ni laini kama sabuni. Patasi ya maana hutoka kwenye springi ya lori. Alipasha ubapa wa springi kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akaukata, akaugonga, akauzamisha kwenye mafuta machafu ya injini, akaupasha tena taratibu mpaka ukashika rangi ya majani makavu. Kisha akaunoa. Kilikuwa chuma bora. Mpaka Jumamosi mchana, kilikuwa pia kengele ya shule ya msingi, kikining'inia kwa waya kwenye ukuta wa ofisi.

Makali yalipogusa mti, kengele ililia.

Wanafunzi wakaingia uani. Wa sasa walikuwa makwao wakicheza, kwa kuwa shuleni hakukuwa na kengele ya kuwaita. Waliokuja ni wa zamani. Ambroise, muuzaji wa jumla, alivuka mto kwa pirogi akiwa bado na kikokotoo mkononi. Wanajeshi wawili wa kambi ya Kapalata waliegemeza bunduki ukutani kwa adabu. Mama mmoja aliyefariki mwaka juzi alichelewa kidogo, akaomba radhi, akasimama nyuma. Walijipanga wafupi mbele, warefu nyuma. Lukumani naye alisoma pale, hivyo aliweka patasi chini na kushika nafasi yake, kando ya jirani yake Djuma, fundi baiskeli, ambaye utotoni aliiba chaki na kuzila.

Mkuu wa shule, Madame Georgette, alipita akikagua kucha.

"Ambroise, uko na bibi na bado uko muchafu."

"Pardon, Madame."

Mikono ya Lukumani ilikuwa safi.

"Alors, nani alibeba kengele? Batoto hawasomi."

"Ni Djuma!" sauti ikatoka nyuma. "Nani mungine?"

"Mimi?" alisema Djuma. "Chaki nilikula, kweli. Kengele inalika?"

Mstari ulicheka, hata marehemu.

"Madame, wiki yote nilikuwa Ubundu. Nimefika leo asubuhi. Papa Lukumani aliniona na mizigo. Papa, sema."

Lukumani alikuwa amemwona. Alikuwa hata amemsaidia kushusha baiskeli. Aliwaza mimbari, akawaza wazee, akatazama viatu vyake.

"Sikumuona," alisema.

"Bon. Djuma, magoti. Mpaka kengele irudi."

Djuma akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, na wengine wakaruhusiwa kwenda.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi Lukumani akianza kazi, mstari hujipanga. Watu wamezoea. Ambroise huja na chupa ya chai, na wanajeshi wamepewa kambini ruhusa ya kudumu ya kuja. Madame Georgette, mwanamke mwenye akili, sasa huwaleta na watoto, na masomo huanza kwa wakati. Hakuna aliyeuliza mlio unatoka wapi. Wazee wa msikiti walikuja kuziona nguzo, wakampita Djuma pale chini, wakamwombea fundi baraka.

Jana ilibaki nguzo moja. Djuma alikuwa amekwisha kupiga magoti kabla ya kuambiwa. Lukumani alikunja gunia tupu la sukari na kulisukuma chini ya magoti yake.

"Inauma?"

"Kidogo, Papa." Djuma akashusha sauti: "Papa, siku ile uliniona ao hukuniona?"

"Sogea kidogo," alisema Lukumani. "Vumbi litakuingia machoni."

Djuma akasogea, na Lukumani akaweka patasi kwenye mti.